Miaka Thelathini na Minane, na Barua Moja Iliyofika Karonga

Ijumaa tarehe 29 Mei 2026, Bi. Tupokigwe Mwasomola, ambaye ofisini tunamwita Mama Aliko, anastaafu baada ya kuutumikia Ushirika wa Tujenge, Kyela, kwa miaka thelathini na minane. Aliajiriwa Mei 1988 akiwa karani mpiga chapa. Anaondoka akiwa mwandishi wa blogu ya ushirika, kazi ambayo haikuwapo duniani alipoajiriwa, na ambayo yeye mwenyewe kwa muda mrefu hakuamini kama ni kazi.

Waliomkuta wanasema mashine yake ya chapa ilisikika hadi kwenye mizani ya kakao. Barua zake hazikuwa na kosa. Mkulima aliyekuja akiitwa Andongwisye aliondoka na karatasi imeandikwa Andongwisye, si Adongwise wala Andogwisi. Hilo watu wa huku hawalisahau.

Mwaka 2009 ikaletwa kompyuta ya mezani. Mama Aliko aliipokea kama mgeni: akaifunika kitambaa cha kufuma chenye maua, na kila asubuhi akawa anaisalimia, "Ugonile?" Ndivyo tunavyoulizana huku kama mtu ameamka salama. Kompyuta ile ilichukua robo saa kuamka, kwa hiyo swali lilikuwa la haki kabisa.

Mazoea ya mashine ya chapa hayakumtoka. Alizigonga herufi kana kwamba chini yake kuna karatasi tano za kaboni, na kibodi tatu zikamfia mikononi. Tena kila alipofika mwisho wa mstari, mkono wake wa kushoto uliruka kwenda kusukuma roli ya karatasi ambayo haipo. Ulichokikuta huko ni kikombe cha chai cha Samsoni.

Huyo Samsoni, marehemu mume wangu, alikuwa afisa takwimu wetu, na ndiye aliyeweka kwenye kompyuta hiyo programu ya kuandikia blogu. Uzuri wake ni kwamba haikuhitaji mtandao wakati wote. Unaandika habari, unaipa kichwa, unaweka picha, unaihifadhi kama rasimu. Mtandao ukirudi, unabonyeza kitufe kimoja na habari inakwenda kusomwa na yeyote, popote. Wakagawana kazi: Mama Aliko aandike, Samsoni abonyeze. "Mimi wa kupika," Mama Aliko alikuwa akisema, "wewe wa kupakua."

Maneno ya kwenye programu yalikuwa ya Kiingereza, basi Samsoni akamwandikia maana zake katika daftari. Kile kitufe cha mwisho alikiandikia CHAPISHA. Ni neno sahihi, la vitabuni. Lakini mtu aliyepiga chapa miaka ishirini na ushee anajua kwamba kinachochapishwa hutoka kikiwa kwenye karatasi. Kosa lote lililofuata lilikuwa la mume wangu, nami nalipokea kwa niaba yake.

Samsoni alifariki ghafla Machi 2014. Mama Aliko aliiandika tanzia yake siku ileile, jina na ukoo bila kosa, akaihifadhi. Ikabaki rasimu. Aliyekuwa akibonyeza ndiye tuliyekuwa tukimzika. Blogu ikanyamaza miezi mitatu, na Mama Aliko naye akapunguza maneno.

Juni akaandika barua. Aliiandika ndani ya programu hiyohiyo, kwa kuwa ndiyo aliyoizoea kuifungua. Naijua kwa moyo: "Mheshimiwa Mwenyekiti. Yah: Kuomba kupumzishwa kazi. Mimi na mashine hii hatusalimiani tena. Samsoni aliyekuwa akinielekeza hayupo, na nimeshindwa hata kuitoa tanzia yake. Mtafute mwenye akili za sasa." Alitaka nakala moja aiwekee sahihi. Akapanga karatasi kwenye printa, akalifungua daftari la Samsoni, akaliona neno CHAPISHA, akabonyeza.

Karatasi haikutoka. Akabonyeza tena. Akaipigapiga printa mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Mwisho akatangaza kwamba wino umekwisha, akaenda nyumbani. Mtandao wetu, ambao siku ya kutangaza bei ya kakao hupotea kama samaki wakati wa upepo, siku hiyo ulikuwa mzima.

Kesho yake Mzee Andendekisye, mwenyekiti wa wakati huo, aliingia ofisini ameishika simu mbele yake kama taa.

"Mama Aliko, barua yako nimesomewa na shemeji yangu wa Karonga kabla sijanywa chai. Sasa nikujibu mimi, au tuiachie Malawi?"

"Barua ipi, baba? Mimi barua yangu haijatoka!"

"Imetoka, mama. Imevuka na mpaka bila pasipoti."

"Jamani, mimi nilitaka karatasi tu!"

Ghala zima lilicheka. Nilicheka na mimi, mara ya kwanza tangu Machi, kisha nikamwona Mama Aliko amesimama na mikono kichwani, nikanyamaza. Kwake halikuwa jambo la mzaha. Alikuwa amekusudia kuondoka kimyakimya, na sasa wilaya mbili na nchi mbili zilijua.

Mwenyekiti hakumkatalia. Alimwomba kitu kimoja tu: asome maoni ya wasomaji kabla ya kuweka sahihi. Yalikuwa thelathini na moja. Aliyasoma kwa kusimama, miwani kwenye ncha ya pua. Anyosisye wa Katumba Songwe aliuliza nani sasa atawaambia mto ukijaa kule juu. Mwalimu mmoja aliandika, "Hata kuacha kazi ameweka koma mahali pake. Msimruhusu." Na mfinyanzi wa Ikombe, kwa simu ya mjukuu, aliandika mstari mmoja: "Samsoni yupi hayupo? Yule wa kwetu wa takwimu? Mbona hatukuambiwa?"

Hapo akaketi.

Hakusema atabaki. Alisema anataka kuifuta barua ile, aibu imtoke, halafu ndipo aondoke. Hakuna aliyejua inafutwaje. Basi akalishika daftari ukurasa kwa ukurasa, siku tatu, akijaribu kila kitufe na kuikaripia mashine kwa Kinyakyusa. Akitafuta njia ya kufuta, akajifunza kuhifadhi, kusahihisha, kuweka picha na kuituma habari. Alipofikia kufuta, alikuwa ameijua programu yote.

Alifuta barua. Kisha akafungua rasimu ya Machi, akaniita kutoka ghalani nisimame karibu naye, akabonyeza. Tanzia ya Samsoni ikatoka, miezi mitatu imechelewa. Wiki ile walikuja watu wa Ikombe kwa mtumbwi hadi Matema, na kutoka hapo kwa gari, kunipa pole. Walileta chungu. Bado nakipikia.

Tangu hapo Mama Aliko ametoa habari mia nne na kumi na mbili. Ameyatangulia maji ya mto Songwe mara mbili, na mbegu za watu zikahamishwa kwa wakati. Amewapatia wafinyanzi wateja kutoka Mbeya, ingawa katika picha ya kwanza ya vyungu kilichoonekana vizuri zaidi ni kidole gumba chake. Amegombana na kila afisa aliyeandika "mchele" alipomaanisha "mpunga". Hajawahi kukubali kwamba wino wa printa haukuwa umekwisha.

Sasa anakwenda shambani kwake, kwenye migomba na kakao. Anasema hatanunua kompyuta. Hatumwamini sana.

Mama Aliko, ushirika mzima unakushukuru. Kyala, Mungu wetu, akupe afya, mvua za kiasi, na wajukuu wanaokujibu ukiwaita. Na kwa niaba ya nyumba yangu, ndaga fijo. Asante kwa kutoondoka mwaka ule. Sasa nenda salama.

Jubilate, karani wa ghala