Stika ya Dirishani Taa Ikiwaka

Uvumi kwamba kuna mtu anachungulia madirisha ya chini pale Zwolle, mji wa Uholanzi, ulimganda Wietske. Jioni moja ndani ya basi alimwambia mama aliyeketi naye, “Mie dirisha la binti yangu nimelibandika stika ya kung'aa. Aliye nje anajiona mwenyewe tu.”

“Mchana tu, mwenzangu. Giza likiingia binti akawasha taa, anaonekana kama samaki kwenye tangi la kioo.”

“Wee! Saa hizi katoka kuogelea, anabadili nguo!”

“Si ungeweka pazia?”

“Mtaani kwetu ukifunga pazia, wanasema unaficha jambo.”

“Waseme! Kwani mtoto ni wao?”

“Wewe huishi nao!”

Basi likasimama. Wietske akashuka mbio, kituo kisicho chake, simu sikioni, akimpigia binti azime taa.

Akina mama, msiamini stika ya kung'aa usiku. Msibandike bila kutoka nje kuchungulia ndani taa ikiwaka. Msiwasikilize majirani.