Zablon Amon na Kisima cha Mzee Kashindye

Ndugu waombolezaji, mimi Vedasto, mdogo wake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha yake, nitajitahidi kusimama mahali pamoja, jambo ambalo yeye lilimshinda.

Kaka yetu Zablon Amon alizaliwa hapa Usoke tarehe 4 Machi 1968, akasoma shule ya msingi hapa hapa, kisha sekondari Tabora mjini hadi 1986, na nyumbani hakuacha kugongagonga ndoo ya masega ya mama ili asali ichuruzike upesi.

Mwaka 1991 aliajiriwa kuwa fundi wa visima vya mafuta nje ya nchi, akaona mafuta mengi yakibaki yamenasa kwenye vitundu vya mwamba hata pampu zikichoka, ndipo alipoanza kuwaza namna ya kuutikisa mwamba hadi matone yaachie. Alifunga ndoa na Martha tarehe 15 Juni 1996, wakajaliwa Kabula na Bernardo, ambao hawakumbuki baba yao kumaliza ugali akiwa amekaa.

Mwaka 2019 aliacha kazi, akarudi na mtambo aliouunda mwenyewe, akatikisa nao jiwe lililoloweshwa mafuta ya karanga, mafuta yakatoka, tukashangilia mno. Tarehe 20 Agosti 2022 akauteremsha mtambo huo katika kisima cha jirani yetu Mzee Kashindye, kilichopungukiwa maji, ili mwamba uachie maji, akisahau kwamba visima vyetu tunavichimba bila kuvijengea kuta, kikaporomoka chote. Alikiri kosa, akaapa kukichimba upya, lakini tangu siku hiyo kila shikamoo aliyompa Mzee haikuitikiwa, na jambo hilo lilimtesa kuliko ugonjwa.

Januari 2025 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara tatu, kila mara akidai arudishwe akachimbe, hadi alipofariki tarehe 2 Novemba 2025, kisima kikiwa bado kifusi, na sisi tumeahidi kukichimba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, mafundi wenzake, majirani wote, na zaidi Mzee Kashindye, ambaye jana alishika jembe kuchimba kaburi hili, akakataa kupokewa, na alipomaliza akainama juu ya shimo, akaitikia marahaba.

Umesikia, kaka. Sasa tulia, upumzike kwa amani.