Mama Mpunga na Mpunga Pori wa Mwambani

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mpunga, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha kusukumia maji, ambako baba yake alikuwa mtunza pampu. Alikuwa kifungua mimba, na kwa ubishi hakuwa na mpinzani.

Alisoma shule ya msingi jirani na kituo hicho, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, na mwaka 1974 akahitimu chuo kikuu katika elimu ya mimea. Shangazi yake aliposikia anasomea nyasi, alishika kichwa. "Mwanangu, nyasi si kazi ya mbuzi?"

"Mbuzi anazila, shangazi. Mimi nataka kuzijua."

Aliajiriwa katika ghala la kuhifadhi mbegu, akakaa hapo hadi kustaafu mwaka 2011. Kazi yake ilikuwa mpunga pori, ndugu wa huu tunaoupika. Aina zake alizijua kama mtu anavyojua majirani: huyu anaishi kinamasini, mizizi yake ikitambaa chini ya tope, yule huota kwenye madimbwi ya mvua na kufa yakikauka, mwingine hupenda kivuli cha ukingo wa msitu. Mdogo kuliko wote huota juu ya mwamba, penye maji haba. Huyo ndiye aliyemnyima usingizi. Kila alikoelekezwa, alikuta machimbo ya kokoto.

Mume alimpata akiwa na tope magotini. Fundi baiskeli mmoja alisimama kando ya kinamasi, akauliza, "Dada, umepoteza nini humo?"

"Natafuta mpunga."

"Si upo sokoni?"

Alicheka mpaka akakaa topeni. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1977, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2019 moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba. Miaka minne baadaye akapata habari za mwamba ambao haujaguswa, ila mashine za kokoto zimeshafika chini yake. Daktari akamwambia, "Mama, kupanda mlima sasa basi."

"Na kupandishwa je?"

Wakwe zake wawili walimbeba kwenye kiti cha jikoni, mumewe akifuata na mwavuli. Katikati ya njia mkwe mkubwa akaomba wapumzike. "Pumzikeni, wanangu. Niwekeni chini, mimi nitambae." Walimnyanyua haraka. Kule juu, kwenye kidimbwi, nyasi zilikuwa zimesimama na masuke yaliyokomaa. Aliyashika, akasema, "Punje hata moja isidondoke." Mwezi uliofuata mwamba ukapasuliwa.

Alilazwa tarehe 2 Juni 2024. Binti yake mkubwa, aliyezipanda mbegu za mwambani kule ghalani, alimpelekea habari wodini: zimeota.

"Ngapi?"

"Tisa, mama."

"Bado. Rudi ukaziangalie zile nyingine."

Alifariki alfajiri ya tarehe 9. Asubuhi hiyo binti alikuwa ameshafika ghalani. Alikuta kumi na moja.

Ameacha mume, mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watano na mdogo wake wa kike. Kazi ameifanya, sasa apumzike kwa amani.