Hii Mpe Fundi

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kifungua mimba wangu zima hiyo feni, maana sauti yangu sasa haishindani na kitu. Nyumba ni ya mama yenu, hilo halina mjadala. Karakana ni yenu wote, ila zana mpeni yule anayejua kuzirudisha mahali pake. Pikipiki zangu tatu za zamani uzeni au ziendesheni. Nilizifufua mwenyewe na zote zinawaka. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua, nami sitaki kuumbuliwa nikiwa sina tena mdomo wa kujitetea.

Namwonea wivu baba yenu mdogo. Sisemi nilimwonea, namwonea sasa hivi, hapa kitandani. Ujanani tulinunua mikweche miwili ya aina moja, tukaanza kuitengeneza, na kila Jumamosi tulikwenda kwa yule mzee wa duka la vipuri, aliyeziuza pikipiki hizo tangu zikiwa mpya. Mimi nililipiga tangi langu msasa, nikalipaka rangi likang'aa, na maandishi ya kiwandani nikayafuta kwa mkono wangu nikidhani nasafisha. Mdogo wangu lake alilipangusa tu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akaliacha na mikwaruzo yake na maandishi yake ya kiwandani. Mzee alilizunguka langu, akasema, "Umejitahidi." Alipofika kwenye la mwenzangu akavua kofia. Tangu siku hiyo yeye akawa fundi, na mimi, niliyemfundisha kushika spana, nikawa kaka yake fundi. Hata nyinyi mkitoka shule mlikuwa mkiipita karakana yangu mnakwenda kwake. Niliwaona, ikaniuma.

Miaka kumi na miwili iliyopita mzee alifunga duka. Nilikwenda kumuaga, akanipa kabureta, orijino, imo bado kwenye karatasi yake ya kiwandani, ya mwisho aliyokuwa nayo. Akasema maneno matatu: "Hii mpe fundi." Hakutaja jina. Njiani nikajiambia, kwani mimi si fundi? Neno hilo nimeliegemea miaka yote hii, wanangu, na nilijua tangu asubuhi ya kwanza alikuwa akimsema nani. Pikipiki ya baba yenu mdogo imekamilika, imekosa hiyo tu, na mnamjua alivyo: aliapa hataiwasha kwa kipuri cha bandia, akaifunika shuka. Ameulizia kila mahali. Juzi ameniuliza hata mimi, huku akininyoa ndevu, nikamwambia siku hizi hazipatikani.

Imo kabatini, chini ya koti langu la harusi. Mpelekeeni leo, si baada ya mazishi, mkamweleze yote kama nilivyosema, msinisitiri. Akikasirika ana haki, msimjibu neno. Akishaifunga, mwambieni... ngoja, nipeni maji kidogo... mwambieni aisukume mpaka uani, hapa chini ya dirisha, aiwashe nikiisikia.

Mungu awatunze. Awape kupendana pale niliposhindwa mimi, na mikono yenu isikose kazi. Nendeni sasa.

Na ikiwaka... mkiniona nimegeukia ukutani, msidhani nimekata roho. Ni wivu tu. Mwacheni... mwacheni avute mafuta, ingurume.