Shamba Lililolala la Mzee Lwitiko Kibona

Mchungaji, Jumbe Danford, na ninyi nyote mliopanda hadi Mbebe leo, Jumamosi tarehe 17 Septemba 1955, naitwa Roda, mjukuu wa marehemu, na familia imenituma mimi nisome kwa kuwa barua zake zote niliziandika mimi, hata ile niliyoikosea.

Babu yetu Lwitiko Kibona alizaliwa hapahapa Mbebe, mwaka haukuandikwa, ila alipochukuliwa kubeba mizigo ya vita mwaka 1915 alikuwa ndiyo kwanza anaota ndevu. Alisoma shule ya misheni miaka miwili, kusoma alijua, kuandika hakupenda, akisema mkono wake umezoea shoka. Tarehe 6 Agosti 1921 alimwoa bibi Tusekile, wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza ni baba yangu Nikodemo, aliyeko migodini ng'ambo ya Tunduma, ambaye huenda habari hii bado haijamfikia.

Kazi yake ilikuwa kukata kuni za kuchomea matofali, na kati ya mwaka 1924 na 1928 alimaliza miti yote ya kilima kilicho juu ya kisima chetu, hilo mwenyewe hakulificha. Mvua za 1931 zilishusha udongo wa kilima hicho hadi kwenye mashamba ya chini, Oktoba 1933 kisima kikakauka, bibi akawa anateremka mpaka mto Songwe kuteka maji, siku moja akaanguka na mtungi, na nyonga yake haikupona tena. Siku ya tatu babu akazungushia kilima ua wa miiba, akazuia mbuzi, moto na jembe, na shoka lake akaliweka darini.

Watu walimwita Bwana Majani, wakimuuliza, "Mzee, mwaka huu unavuna magunia mangapi ya mashona-nguo?" naye akiwajibu, "Hawa wanatandika tu, wenye nyumba wako njiani." Ikawa hivyo, magugu hayo yanayonasa nguoni yalitangulia yakashika udongo, nyasi zikafuata, kisha kangaga na vichaka vya miiba, na katika kivuli cha miiba hiyo, ambayo wengi walimshauri aing'oe, ikachipua miti ya misuku iliyoletwa na ndege. Oktoba 1947 palionekana unyevu kisimani, nikiwa na miaka saba, na mwaka uliofuata tukateka.

Februari mwaka huu alianza kukohoa, na mwezi Mei, akiona nguvu zinakwisha, aliniagiza niiandikie ofisi ya wilaya kwamba kilima kile ni chake na kisiguswe. Alisema kwa Kindali, akitumia neno letu la shamba lililoachwa lipumzike huku mwenyewe yupo, nami, niliyeacha shule darasa la nne ili nimtunze bibi, sikujua kulisema kwa Kiswahili, nikaandika pori. Jibu lilifika Jumatatu tarehe 12, likisema pori lisilo na mtu litachomwa na kulimwa matuta kuanzia Jumatatu hii ijayo. Nilitaka kumficha, nikashindwa, nikamsomea, naye hakunikaripia, alisema, "Roda, mama, pori halina mwenyewe. Andika tena." Niliandika tena, lakini alifariki Alhamisi tarehe 15, saa nne asubuhi, kabla hajaweka kidole chake.

Tunamshukuru mganga wa zahanati aliyepanda mara tatu kumwona, majirani waliombeba kwa machela, wachoma matofali wenzake waliochimba kaburi, na akina mama waliopika tangu juzi kwa maji ya kisima kile. Barua ya pili ninayo hapa pamoja na wino. Jumbe ameniambia kwamba majirani ishirini wakiweka vidole kushuhudia kuwa kilima kina mwenyewe, yeye ataipeleka kesho, wasipofika ishirini hatakuwa na la kuwazuia wenye moto. Nimehesabu waliokwisha kuweka tangu asubuhi, ni kumi na mmoja, na tangu hapo kila ninaposikia harufu ya moshi natoka nje kutazama, hata ukiwa wa jikoni.

Nitakaa hapa mlangoni na barua mpaka mtu wa mwisho aondoke. Babu, lala kwa amani, safari hii nimeandika shamba.