Jua Halipiti: Maisha na Kazi ya Idah Sidi Kambi wa Kakuyuni

Mchungaji, wazee wa Kakuyuni, majirani zetu Waislamu mliotoka Malindi mjini mapema ili mtuwahi, akina mama wa kikundi, na nyinyi wengine ambao najua mmekuja kwa ajili ya pilau, hamjambo, na wakubwa wangu, ambao mmebaki wachache, shikamooni. Mimi ni Kadzo Kambi, dada mkubwa wa marehemu, na familia imenichagua nisome haya kwa sababu wengine wote walisema watalia, na mimi silii mbele za watu.

Marehemu Idah Sidi Kambi alizaliwa hapa hapa Kakuyuni mwaka wa 1961, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Kambi Mwambire na marehemu mama yetu Jumwa. Kitambulisho chake kinasema ni tarehe mosi Januari, lakini hiyo ni tarehe ya karani aliyechoka kuuliza, maana mama alituambia alimzaa katikati ya masika, paa linavuja, akamkinga mtoto kwa sufuria, na masika hayajawahi kuja Januari. Jina la Idah alilipata kwenye ubatizo mwaka wa 1972, na sisi wa nyumbani tukaendelea kumwita Sidi.

Alianza darasa la kwanza mwaka wa 1969, akaishia la tano mwaka wa 1973, baba aliposema kwamba msichana anayejua kusoma barua imetosha, na mimi nilikuwa nimeishia la pili, kwa hiyo msinishangae nikisoma polepole. Shule yetu ya pili ilikuwa ua wa mama, ambako tulifundishwa kushona makuti ya kuezekea, yaani kuokota makuti ya mnazi yaliyokauka, kukunja majani yake juu ya kijiti, jani juu ya jani, na kuyashona kwa kamba ya miyaa mpaka yawe kipande kimoja cha paa. Mimi nilikuwa mwepesi, nikishona matatu yeye anashona moja, na mama alikuwa akinisifu mimi, jambo ambalo nalisema leo kwa sababu mbele ya safari litanigeukia.

Tarehe 15 Desemba 1979 aliolewa na Mwaringa Masha, mgema wa tembo, mtu mpole kupita kazi yake, na mahari ikatolewa yote bila maneno. Mungu akawajalia watoto watatu, Dena aliyezaliwa mwaka wa 1981, ambaye ni mwalimu kule Kilifi, Cynthia wa mwaka wa 1986, ambaye ni muuguzi, na Marvin wa mwaka wa 1993, ambaye yuko Mombasa kwenye ofisi yenye baridi ya mashine, na wajukuu saba, mmoja wao ana jina lake na kichwa kigumu kama chake. Tarehe 9 Machi 1997 Mwaringa alianguka kutoka kwenye mnazi, hakuamka. Arobaini ilipopita, ndugu wa mume walikaa kikao wakamtafutia mtu wa kumrithi, naye akawasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akawapikia chai, na asubuhi yake akachukua watoto na mkeka mmoja akahamia Malindi, Kisumu Ndogo, kwenye chumba cha udongo. Mimi nilimwambia atarudi kabla ya mahindi kukomaa. Mahindi yamekomaa mara nyingi tangu siku hiyo.

Pale Kisumu Ndogo jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa Waruguru, mama wa bara aliyekuwa akikaanga viazi vya karai, na huyo ameketi pale, mnamwona. Sidi alishona makuti yake kando ya barabara, Waruguru akawa anamtazama mafuta yakichemka, na siku viazi vilipokosa wanunuzi akahamia kwenye mkeka wa Sidi akaomba afundishwe. Watu walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, nikauliza tangu lini mtu wa milimani akajua mnazi, nao wakaendelea kushona. Tarehe 14 Juni 2003, Sidi alirudi Kakuyuni kwa miguu yake mwenyewe, kwenye kiwanja alichoachiwa na mumewe, akaanzisha kikundi cha wanawake kumi na mmoja, akakipa jina Jua Halipiti. Jina hilo ndilo lililokuwa sheria yake yote, kwamba kila kuti likimalizika linainuliwa kuelekea juani, na likipitisha mwanga hata wa tundu la sindano linafumuliwa, awe amelishona nani.

Awe amelishona nani, nilidhani ni maneno ya kupamba. Mwezi wa Agosti 2005 aliinua kuti langu, mimi mkubwa wake, niliyembeba mgongoni, akaona jua, akanirudishia. Hakupaza sauti, alikuja akachuchumaa karibu yangu akaniambia polepole kwamba mkono wangu ni mwepesi lakini unaruka majani. Nilinyanyuka nikaenda zangu, nikakaa miaka miwili bila kukanyaga ua wake, nikimwambia kila aliyenisikiliza kwamba anayefumua kazi ya dada yake atazikwa na wageni. Nilirudi mwaka wa 2007, kwa sababu nyumbani kulikuwa kimya mno, na alichofanya ni kunisogezea mkeka na kuniketisha karibu na Waruguru, mshonaji wake bora, mimi nimwangalie mtu wa bara nijifunze makuti. Ndivyo alivyokuwa akifanya na kila mkono mbaya, hakuufukuza wala kuutangaza, aliuweka karibu na mkono mzuri akauacha uone haya wenyewe.

Sasa niwaambie kosa lake, maana mtu anayesomewa sifa tupu ni kama amezikwa mtu mwingine. Mwaka wa 2009 hoteli moja ya ufukweni, ambayo sitaitaja, iliagiza makuti ya paa la ukumbi wake wa chakula, kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kuziona, na siku zilikuwa chache. Makuti makavu yakaisha, kiwanja chetu na viwanja vya majirani, na Sidi, ambaye angeweza kusema hapana, alisema ndiyo, akaruhusu tukate mabichi kutoka mnazini. Kila mtoto wa pwani anajua kwamba jani bichi ukilishona leo linakaa vizuri, likikauka linasinyaa na kuachana na mwenzake, na yeye alijua kuliko sisi sote. Masika ya 2010 yalipofika, mvua iliingia ndani ya arusi, ikanyesha juu ya bibi arusi na juu ya biriani.

Hapo ndipo tulipomjua. Angeweza kuwasingizia mafundi walioezeka, na mafundi hawana wa kuwatetea, au angeweza kututaja sisi, kwa sababu kila mwanamke hufunga fundo lake mwisho wa kuti na kila fundo linajulikana ni la nani, na tulikaa siku nzima kila mmoja akiogopa fundo lake. Yeye alivaa leso yake nzuri, akapanda gari na sisi wote nyuma, akamwendea mwenye hoteli kabla hajatuita, akamwambia, “Majani yalikuwa mabichi. Nilijua, nikakubali. Tumekuja kuliteremsha.” Paa zima tukaliteremsha kwa mikono yetu, tukashona upya kwa makavu tuliyoyafuata mpaka Gongoni, bila kudai hata nauli, na msimu ule wengine wetu tulikula mihogo asubuhi na jioni. Mwenye hoteli yule ndiye aliyewaambia wenzake kuanzia Malindi mpaka Watamu kwamba ukitaka paa tafuta wale wanawake, na kikundi cha watu kumi na mmoja kikawa cha watu arobaini. Mnaouliza siri ya biashara yake, mkidhani kuna mganga, siri ndiyo hiyo, alilifikia kosa lake kabla halijamfikia.

Hakuwa malaika. Alikuwa bahili wa sukari, alikoroma kanisani, alipenda kushinda kila mabishano hata ya hali ya hewa, na kwa miaka ishirini hakukalia kiti wakati wenzake wako mkekani, mpaka magoti yakamwisha, nikamwambia huo si uongozi ni ukaidi, akakataa kiti vilevile.

Kisukari kiligunduliwa mwezi wa Februari 2018. Kuanzia mwaka wa 2022 akawa haonekani kikundini siku za Alhamisi, simu imezimwa, na wenzake wakaanza kusema mama amechoka, wengine wakasema ana kazi nyingine ya siri mjini. Mimi nilimfuata Alhamisi moja, nikamkuta jikoni kwake, mzima, anamenya mihogo. Nikamuuliza kama haoni aibu kukaa bure wenzake wakihangaika, akaniambia, “Nikiwa pale wananitazama mimi. Nikiondoka wanatazama kuti.” Nikamwambia huo ni uvivu uliovaa kanzu, nikamsaidia mihogo, nikasahau. Mwezi wa Mei 2024 figo zikaanza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, saa kumi alfajiri, alifariki hospitalini Malindi, Cynthia akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na nne.

Alituacha na kazi mikononi. Ukumbi wa Watamu ulikuwa umeagiza makuti elfu sita, lori lilikuwa lije Jumamosi ya leo, na siku aliyofariki yalikuwa yamefika elfu nne na mia mbili. Kwetu maiti akiwa bado hajazikwa, mkono wa mfiwa haushiki jembe wala sindano, unakaa chini mkekani ukiwa mtupu, na sisi tukakaa hivyo Jumanne na Jumatano. Marvin alikuja kutoka Mombasa na koti lake jeusi, akasema kwa heshima kabisa kwamba yeye kama mwana ataishika kazi ya mama, na la kwanza atakalofanya ni kupiga simu Watamu waambiwe tumefiwa, watafute watu wengine. Mimi ndiye mkubwa, nikaulizwa, nikasema Marvin ana haki, msiba haushonwi. Na moyoni, niwaambie ukweli, niliona Jua Halipiti imefika mwisho, kwamba ilikuwa ni Sidi tu, na wale wengine walikuwa kivuli chake.

Alhamisi asubuhi nilisikia majani yakiburutwa. Nikatoka, nikawakuta wanawake wamekuja na mikeka yao ya matanga, lakini katikati ya mikeka wameweka makuti makavu na miyaa, na Waruguru amekaa mbele na kijiti mkononi. Nikamuuliza, kwa ukali, kama kwao bara wanafiwa namna hii. Hakusimama, alinipa shikamoo yangu kwanza, kisha akasema, “Dada, leo ni Alhamisi. Alhamisi Mama Dena huwa hayupo, na sisi huwa tunashona.”

Ndipo mihogo ile ya jikoni kwake ilipoanza kunieleza, kwamba mdogo wangu alikuwa akituonjesha kufiwa kidogo kidogo, siku moja kwa wiki kwa miaka mitatu, ili siku ya kweli ikifika mikono iwe imezoea. Nikawaambia wazee kwamba mila ni yetu na hesabu yake nitaibeba mimi, nikaketi. Walioimba waliimba wakishona, waliolia walilia wakishona, waliokuja kutoa pole kutoka Kisumu Ndogo wakapewa vijiti kabla ya chai. Marvin alisimama akitazama, kisha akavua koti akalitundika kwenye mti wa ua na kuanza kubeba mafungu mgongoni, na jana jioni alikuja kuniambia mwenyewe kwamba kazi ya mama haihitaji mtu wa kuishika, imeshikwa.

Na mimi nilishona, kwa mwendo wangu wa haraka, maana macho yalikuwa na vumbi. Kuti langu la kwanza Waruguru aliliinua juani, mbele ya waombolezaji wote, msiba mbichi, mimi dada wa maiti, na jua likapita. Akanirudishia. Akachuchumaa karibu yangu, akasema polepole mkono wangu unaruka majani. Nikalifumua nikalishona upya, jani juu ya jani, na mara ya pili aliliinua, akalitazama, akaliweka kwenye fungu. Kiti cha Jua Halipiti tulichokuwa tukikibishania bure kimepata mtu, ndiye Waruguru, na wanawake arobaini wamekubali, na kama yuko anayetaka kusema habari za bara na pwani aje kwangu nyumbani baada ya mazishi.

Leo saa kumi na mbili asubuhi lori limeondoka na makuti elfu sita. Halikukosa hata moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza kwa mwaka mmoja na nusu bila kumchoka, ingawa alikuwa akiwaeleza kazi yao, majirani wa Kakuyuni na Kisumu Ndogo mliotupikia na kutuazima mikeka, mafundi wa kuezeka waliokuja jana bila kuitwa wakatufungia mafungu, dereva wa lori aliyezima redio yake alipopita hapa mlangoni, kanisa, na akina mama wa kikundi, ambao sina la kuwaambia ila kwamba mko sawasawa na yeye, na hilo ndilo alilolitaka.

Sidi, mdogo wangu, mimi nilisema utazikwa na wageni, tazama basi waliojaa hapa, hakuna mgeni hata mmoja. Lala, wala usiinuke kukagua, wenyewe wanakagua. Alhamisi zako zote tumezipokea. Pumzika kwa amani.