Dkt. Nevyana Chakalova na Shaba Iliyomtetea

Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024, Dkt. Nevyana Chakalova, mtafiti mkuu wa kemia ogania katika taasisi yetu hapa Plovdiv, anastaafu baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi. Nimeombwa kuandika mimi, Bozhil Tarpanov wa kemia isiyo ogania, ghorofa ya pili. Vijana wameshangaa. Wakongwe wanajua sababu.

Alitufikia kutoka Smolyan mwaka 1986, na haukupita mwezi kabla hajaanza kujitengenezea vyombo vya kioo vya maabara kwa kuvipuliza motoni, maana fundi alimchelewesha. Kila vuli alichoma pilipili hoho uani. Harufu ilimfikia mkurugenzi ofisini, naye alishuka akiwa na mkate mkononi, bila kualikwa.

Kazi kubwa ya maisha yake ilikuwa kutafuta kemikali ya kunasa madini ya risasi ndani ya maji. Kijijini kwa shangazi yake, Suhi Brod, visima vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya sumu hiyo. Baada ya miaka kumi na mmoja ya kushindwa, mwaka 2002 alifaulu kuunganisha pete mbili za atomi za kaboni, akapata unga wa manjano ulionasa risasi na kuyaacha maji salama. Matokeo yakachapishwa, tukampongeza.

Kisha maabara tatu za ng'ambo zikajaribu, zikaambulia patupu. Mtaalamu mmoja aliandika wazi kwamba matokeo yale yalitungwa. Jarida likampa Nevyana wiki sita: athibitishe au makala iondolewe. Alirudia jaribio mara nne, nalo likakubali mara zote nne, lakini nani angemwamini katika maabara yake mwenyewe? Baadhi yetu tulianza kumkwepa kwenye ngazi. Naandika “yetu” kwa makusudi.

Asubuhi moja akasimama mlangoni pangu na chupa ya maji ya maabara yake. Ghorofa yake na yangu zilikuwa hazinywi kahawa pamoja tangu ugomvi wa mwaka 1991, tulipogombania kabati la kutolea moshi.

“Bozhil, nipimie haya.”

“Kumbe leo na sisi ni wanakemia?”

“Utanitukana baadaye. Kwanza pima.”

Nikapima, nikarudia. Mtambo wake wa kusafishia maji kwa mvuke, uliowekwa kabla sote wawili hatujaajiriwa, ulikuwa na bomba la shaba lililokuwa likilika kidogo kidogo.

“Dada, maji yako yana shaba.”

Aliketi kwenye kigoda changu, akacheka hadi machozi yakamtoka. Wenzake wa ng'ambo walishindwa kwa sababu maji yao yalikuwa safi mno! Shaba ndiyo iliyokuwa ikiziunganisha pete zile, na hakuna aliyejua.

“Watasema miaka yote ulitumia maji machafu,” nikamwonya.

“Na waseme. Si kweli?”

Akaandika hivyo hivyo, bila kupamba. Alipotia shaba kwa kipimo, kazi ya siku mbili ikaisha kwa saa tatu. Akamtumia yule mtaalamu maelezo pamoja na kijipakiti cha chumvi ya shaba. Siku ya kumi na tisa jibu likaja: “Imekubali. Niwie radhi.” Nevyana alilisoma kwa sauti akiwa katikati ya ngazi, na ghorofa zote mbili zikapiga makofi. Siku hiyo tulikula pamoja banitsa, andazi lake la jibini, na kahawa tukanywa sufuria tatu.

Tangu hapo amechapisha makala sitini na mbili na kuwafikisha watu tisa kwenye shahada ya uzamivu. Wanafunzi huuita ugunduzi wake mmenyuko wa Chakalova. Yeye huuita mmenyuko wa bomba bovu.

Mei 2011 vichujio vyenye unga wake viliwekwa Suhi Brod, na visima vikafunguliwa baada ya miaka ishirini. Shangazi Penka, aliyekuwa na miaka themanini na minne, alikunywa bilauri ya kwanza mbele ya kijiji kizima. Tulisubiri hotuba. Akapangusa midomo, akamtazama mpwa wake.

“Ndiyo yenyewe. Nimiminie nyingine.”

Dada Nevyana, asante kwa yote. Nenda salama Smolyan, upate afya, majira mema, na asubuhi nyingi zisizo na ripoti ya kuandika.